Nani wa Kuni Leo?

Katika ua wa Mama Mugisho, pale Kalerwe, Kampala, nyuma ya wauza ndizi, siku ya kupika sabuni ilianza kwa swali moja. Mama mwenyewe, jina lake la ubatizo Emérence, alisimama kando ya sufuria kubwa, akakaza kitambaa kichwani, akauliza bila kumtazama mtu usoni:

"Nani wa kuni leo?"

Swali hilo halikuwa la kuni. Alikuja nalo kutoka kwao Bukavu, alikokimbia fujo akiwa mjane na mtoto mgongoni. Mama yake alimfundisha kwamba sabuni ni kama mtoto mchanga, haitaki mkono wowote tu. Mwanamke aliye katika siku zake akishika mwiko, sabuni hukatika, mafuta yakaenda kwake na maji kwake, na moto wa siku nzima ukawa kazi bure. Kwa hiyo mwanamke wa namna hiyo alijibu tu, "Mimi, mama," akaenda kupasua kuni upande wa pili wa ua mpaka jioni. Hakuna aliyemcheka. Lakini pia hakuna asiyejua.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida ya Alanyo.

Alanyo alikuwa kibarua wa Mama Mugisho, msichana mrefu aliyetembea ameinama kana kwamba milango yote ya Kampala ni mifupi. Baba yake, Oryem, alikuwa polisi. Siku moja alisema neno kantini, neno lenyewe mpaka leo hawalijui, na kesho yake likaja gari likamchukua. Alanyo alikuwa darasa la tano. Shangazi yake Rosalba alimtoa shule, akampa fundisho moja la kumtosha maisha: "Mdomo ni mlango, mtoto. Nyumba yetu iliingiliwa mlangoni." Tangu hapo Alanyo alisema "ndiyo" na "hapana" na "asante", na mengine akayameza.

Kusema mbele ya watu kwamba yeye ni wa kuni lilikuwa jambo asiloliweza. Uani hapakukosa mwanaume. Mugisho, mtoto wa mama, alikuwa pale na baiskeli yake ya kubebea samaki kutoka Ggaba. Wanunuzi waliingia na kutoka. Kila mwezi Alanyo alitafuta njia ya kukwepa, mara kichwa kinamuuma, mara shangazi anaumwa, akabaki nyumbani kwa shangazi yake siku mbili tatu na njaa yake. Mama Mugisho alimlisha siku za kazi tu.

Lakini siku ile hakukwepa. Sajini Marjan, mwanajeshi, alikuwa ameleta gunia, na kila mkono ulihitajika.

Tangu Wahindi wafukuzwe, sabuni ilikuwa imeadimika kama nyama ya sikukuu. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Mtu akikutwa njiani na miche ya sabuni aliulizwa ameipata wapi, na kila jibu lilikuwa baya. Kwa sababu hiyo Mama Mugisho hakuuza miche. Alichoma maganda ya matoke, akachuja maji ya majivu yake, akayapika na mafuta ya mawese mpaka yakawa sabuni laini ya kahawia. Kisha aliiyeyusha katika maji ya moto na kuijaza kwenye chupa za waragi, ile pombe kali. Ilikuwa na rangi ya chai hafifu, na kwenye kizuizi cha askari ilipita kama dawa ya kienyeji.

Gunia la Marjan lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa na magadi makali ya kiwandani, meupe, yale yanayounguza kidole. Yalitoka katika kiwanda kimoja ambacho mwenyewe alikwishaondoka, na siku hizi hakuna aliyeingia humo isipokuwa panya na wanajeshi.

"Mama Kongo," alisema Marjan siku ile alipolitua, "mke wangu Maimunah amejifungua. Nepi zinanuka nyumba nzima, mimi nalala nje kama mlinzi. Pika. Nusu ya chupa ni zangu."

"Afande, mimi nimezoea majivu. Haya siyajui."

"Sabuni ni sabuni."

Basi asubuhi ya kupika, kabla hapajapambazuka vizuri, Alanyo alikuwa bombani anafua vitambaa vyake. Siku zake zilikuwa zimeanza alfajiri. Marie-Jeanne, mkewe Mugisho, alipita na ndoo, akamwona, akageuza uso upesi kama mtu aliyefungua chumba kisicho chake. Hakusema kitu. Alanyo akajiambia labda hakuona.

"Nani wa kuni leo?" Mama Mugisho aliuliza.

Mugisho alikuwa ameinamia gurudumu. Wanunuzi wawili wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo wakingoja, na kijijini kwao Alanyo neno hili halitajwi hata mbele ya kaka. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Mimi si wa kuni," alisema Marie-Jeanne, akajishika tumbo na kucheka, "na sitakuwa wa kuni mpaka mwaka uishe!"

Hata Mama Mugisho alicheka. Marie-Jeanne alikaa katika ndoa miaka minne bila mtoto, na sasa alikuwa amekosa siku zake miezi mitatu mfululizo. Mkwe wake alikuwa amewatangazia akina mama wa kanisa lote. Alimnunulia dagaa, akamkataza kubeba ndoo iliyojaa, na akiona mwanamke aliyewahi kunong'ona kwamba mkamwana wake ni tasa, alimsalimu mara mbili.

"Alanyo?"

Alanyo akatikisa kichwa. Mwiko ukaja mkononi mwake.

Walipika vizuri siku ile. Magadi yalikula mafuta ya mawese kwa haraka ambayo majivu hayakuwahi kuwa nayo. Mama alitupa chumvi, na sabuni ikayakimbia maji kama kawaida yake, ikapanda juu na kuelea mabonge mabonge kama maziwa yaliyokatwa na limau. Wakaiopoa, wakaiosha, wakaitia katika maji safi yanayochemka. Alanyo alikoroga. Mabonge yakapungua, yakawa vipande, yakawa ukungu, kisha hapakuwa na kitu ila maji ya rangi ya asali, maangavu, mtu angeona sarafu chini ya sufuria. Moyo wake ukatulia. Kumbe haikukatika, alijisemea. Kumbe mimi sina neno.

Walijaza chupa, wakazipanga barazani chini ya paa. Mvua ilinyesha tangu magharibi mpaka asubuhi, ile mvua ya Aprili inayoleta baridi hadi ndani ya godoro.

Alanyo alipofika asubuhi alikuta wote wamesimama barazani, wakitazama chupa. Chupa zote zilikuwa nyeupe. Si nyeupe ya povu. Ndani ya kioo mlikuwa na manyoya membamba yaliyofumana, kama ya kifaranga, kuanzia chini hadi shingoni. Mama Mugisho alichukua moja akaipindua. Haikumwagika. Ilitetemeka tu kama ugali mwepesi.

"Imekatika," alisema.

Kwa Alanyo, manyoya yale yalikuwa kazi ya mkono wake. Aliyaona kama watu wanavyoona alama za vidole vyao kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

"Jana niliuliza, sikuuliza?"

"Uliuliza, mama," alijibu Marie-Jeanne.

"Mwiko ulishikwa na nani?"

"Wewe. Mimi. Na Alanyo."

"Mimi damu ilinikauka kabla hujaijua njia ya Kampala." Mama akamgeukia Alanyo. "Weye mtoto. Jana ulikuwa wa kuni?"

Mugisho alikuwa anatia upepo gurudumu. Akaacha, pampu mkononi.

Alanyo akatikisa kichwa.

"Kichwa sikisikii. Sema kwa mdomo."

"Hapana, mama."

Neno dogo tu. Lilitoka rahisi kama mate. Mama Mugisho alilipokea, akaliweka kando, akamgeukia mkamwana wake, na sauti yake ikawa ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ya juu.

"Basi hakuna mimba."

"Mama, ipo!"

"Sabuni haina sababu ya kunidanganya. Wewe unayo. Miaka minne nakungoja. Nimejipigia ngoma kanisani, nimecheza, leo nitapita wapi? Watasema Emérence alishangilia nguo chafu."

"Mama, nakuapia kwa Bikira..."

"Usimtaje Bikira hapa! Mugisho, panda baiskeli. Nenda Ggaba kwa kaka yake Bisimwa, mwambie aje amchukue dada yake. Nilimpokea kama mke, sikumpokea kama mwigizaji."

Mugisho alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akatazama chupa. Alikuwa mtu mwema, lakini alizoea kubeba alichopakiwa. Akaondoka.

Marie-Jeanne hakulia. Alimtazama Alanyo, kwa muda mrefu, bila hasira.

"Alanyo," alisema, "huna la kusema?"

Alanyo alitazama vidole vyake vya miguu.

"Sina, dada."

"Haya," alisema Marie-Jeanne, akaingia ndani kukunja nguo zake.

Mama Mugisho alimwamuru Alanyo achukue kreti moja baada ya nyingine, akamwage huo uchafu mbali, mtaroni, kisha aoshe chupa. Alanyo alijitwisha kreti ya kwanza akatoka. Njiani watu walimwamkia akaitikia. Alishangaa kwamba uso wake haukuwaonyesha kitu.

Alipofika kwa Ayot hakuweza kwenda mbele. Ayot aliuza chai kando ya barabara, chai kavu bila sukari, kwa sababu sukari nayo ilikuwa imeifuata sabuni. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno mengi, na alimpenda Alanyo kwa sababu alimsikiliza bila kumkatiza.

"Tua mzigo, mdogo wangu. Nini hicho, umeanza kuuza mtindi?"

Alanyo alitua kreti karibu na sigiri ya makaa, akakaa kwenye benchi, akafunika uso. Ayot alimpa kikombe, akaendelea kugombana na mteja aliyesema chai ni chungu. "Chungu ni maisha, chai haina kosa!" Kisha akamwacha mteja, akainamia kreti.

"Hebu tazama chupa yako hii," alisema.

Chupa ya pembeni, iliyokuwa imeelekea makaa, ilikuwa nyeupe upande mmoja tu. Upande wa moto ulikuwa mwangavu. Manyoya yalikuwa yanajivuta taratibu, yakichongoka, yakikatika, yakitoweka, kama vile mtu ndani ya chupa anayanyonya. Chupa za upande wa pili zilikuwa nyeupe vilevile.

Alanyo alisahau kulia. Aliishika chupa, akaigeuza upande mweupe uelekee moto. Ikafuata. Mara ikawa yote rangi ya asali, kama jana sufuriani.

"Nipe maji ya moto, dada Ayot."

"Polepole, kioo kitapasuka. Changanya kwanza na ya baridi."

Walitia chupa nyingine katika karai la maji ya moto. Nayo ikawa nyangavu. Alanyo akaichukua, akaizamisha katika ndoo ya maji ya mvua, baridi kama chuma. Alingoja, mikono yake imekufa ganzi. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ukungu, chini kabisa. Kisha sindano moja nyeupe, na nyingine juu yake, na nyingine, na mara chupa nzima ikafunga.

Akairudisha kwenye moto. Ikafunguka.

Mkono ulikuwa uleule, mkono wa mwanamke wa kuni. Sabuni haikuuliza ni wa nani. Iliuliza baridi tu.

"Kwani nini cha ajabu?" alisema Ayot. "Samli yako ikiganda asubuhi, unamkamata nani? Nayo samli ina hedhi?"

Alisema hivyo kwa mzaha, hakujua anagusa nini. Alanyo alianza kulia tena, na safari hii vibaya zaidi. Kama sabuni ingekuwa imekatika kweli kwa ajili yake, angekuwa ameharibu sabuni. Sasa alijua hakuharibu sabuni hata kidogo. Kitu pekee alichoharibu kilikuwa kinakunja nguo zake kule uani.

"Nenda," alisema Ayot. "Sijui ni nini, lakini nenda. Birika hili chukua, utanirudishia."

Alipofika jua lilikuwa limepanda, na Bisimwa alikuwa amekwishakuja, mvuvi mrefu mwenye magamba ya samaki kwenye mikono ya shati, amesimama bila kukaribishwa kiti. Mzigo wa Marie-Jeanne ulikuwa umefungwa kwa kitenge mlangoni. Mugisho alikuwa ameegemea baiskeli yake. Na katikati ya ua, juu ya kiti kizuri cha nyumba, alikaa Sajini Marjan, kofia gotini, akiitazama chupa nyeupe.

"Mama Kongo, mimi hapana kuja hapa kunywa uji," alikuwa anasema. "Magadi nimekupa mazuri. Nani ameharibu?"

"Ni mambo ya wanawake, afande," alisema Mama Mugisho. "Naomba usiulize."

"Mama," alisema Alanyo.

Hakuna aliyemsikia. Aliweka kreti chini, akamimina maji ya birika katika beseni, akatia chupa. Kioo kikagonga beseni. Wakageuka wote. Manyoya yakaanza kuyeyuka, na Marjan akainama kutazama.

"Hee! Inarudi!"

"Si mbovu," alisema Alanyo, kwa beseni, si kwa watu. "Ni baridi ya usiku. Ikipata moto inayeyuka."

Kwa muda alitumaini hiyo itatosha. Alikuja nalo tumaini hilo kutoka kwa Ayot, amelificha chini ya ulimi kama pipi. Ataonyesha chupa, watafurahi, mzigo utafunguliwa, na lile neno la asubuhi litapita bila mtu kulikumbuka.

Mama Mugisho aliitwaa chupa, akaiinua juani. Uso wake haukubadilika.

"Moto hufufua hata wali wa jana. Wali ukiwa umechacha, umechacha. Miaka yote hii sabuni yangu imelala nje, masika na kiangazi, haijawahi kuganda. Jana imeguswa, leo imeganda. Bisimwa, mchukue dada yako."

Bisimwa akainama kuchukua mzigo. Marie-Jeanne akatoka mlangoni, amevaa viatu vya kanisani.

"Mimi nilikuwa wa kuni jana," alisema Alanyo.

"Nini?" alisema Marjan, akiweka mkono sikioni. "Sauti! Hapa si msikitini."

Alanyo aliinua kichwa. Aliona buti, kisha mkanda, kisha uso wa mwanajeshi, uso wa kawaida wa mtu asiyelala kwa sababu ya mtoto. Tangu baba yake achukuliwe hakuwahi kumtazama hata mmoja wao.

"Nilikuwa katika siku zangu," alisema kwa sauti ambayo hata wauza ndizi waliisikia. "Jana, na leo. Mwiko niliushika mimi. Mama aliniuliza asubuhi nikamwambia hapana. Nilimdanganya. Dada Marie hana kosa."

Marjan aliruka kutoka kwenye kiti, akarudi nyuma hadi ukutani. "Weye binti! Chupa zangu! Ondoka kwenye chupa zangu!"

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Mugisho aliitazama pampu yake. Mama Mugisho alisimama na chupa mkononi.

"Basi ni wewe uliyeikata," alisema polepole.

"Hata mimi sikuikata, mama." Alanyo hakujua kama ana haki ya kuendelea, lakini mlango ulikwisha kufunguka. "Chupa hiyo imeyeyuka mkononi mwangu, na bado mimi ni wa kuni. Wewe mkono wako ni safi. Itie katika pipa la mvua wewe mwenyewe. Mimi nitakaa mbali."

Akaenda akasimama kwenye rundo la kuni, upande wa pili wa ua, mahali ambapo angepaswa kusimama tangu jana.

Mama Mugisho alisita. Kisha alikunja mkono wa gauni, akaizamisha chupa katika pipa, akaishika humo. Wakangoja. Marjan aliwasha sigara. Jogoo wa jirani aliingia uani, akamtazama kila mtu, akatoka. Mama aliitoa chupa, akaitazama, akairudisha. Alipoitoa tena, ukungu ulikuwa umeshika chini, na mbele ya macho yake, katika mkono wake mwenyewe wa mwanamke aliyekoma siku zake, sindano nyeupe zikaanza kupanda moja juu ya nyingine.

"Mama yangu alikuwa mwanamke wa kweli," alisema. Ilikuwa kama anamjibu mtu. "Hakunidanganya."

"Yeye alipika kwa majivu, mama," alisema Marie-Jeanne. "Haya magadi hakuyajua."

Hilo ndilo neno lililomkalisha Mama Mugisho chini. Alikaa kwenye kizingiti, chupa mapajani, akaitazama ikifunga.

"Fungua mzigo," alisema mwishowe.

"Hapana," alisema Bisimwa. "Dada yangu si mbuzi wa kufungwa na kufunguliwa. Leo naondoka naye. Mkimtaka mnajua Ggaba ilipo, na mnajua mke huombwa namna gani. Na mdomo uliotangaza kanisani utangaze tena."

Alikuwa na haki. Marjan alizima sigara yake, akawahesabu watu kwa macho, akasema kambini maji ya moto hayakosi. Akachukua kreti ambazo Alanyo hakuzigusa asubuhi ile, akaenda zake kwa mkewe.

Marie-Jeanne alipita karibu na rundo la kuni. Akasimama.

"Nilikuona bombani," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, dada."

"Nilikungoja."

"Mbona hukusema mwenyewe? Ungepona pale pale."

Marie-Jeanne alifikiri. "Hazikuwa siku zangu hata nizitangaze mimi," alisema, akamfuata kaka yake.

Maneno hayo Alanyo alikaa nayo wiki nzima. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Mama Mugisho hakumfukuza. Alimpa kazi, akampa chakula, akamwita kwa jina. Shangazi Rosalba alizisikia habari sokoni, akamwuliza kama ni kweli alisema mambo yale mbele ya askari. Alipojibiwa ndiyo, alifunga mlango, akakaa nyuma yake mpaka jioni akisikiliza magari. Hakuna gari lililosimama.

Jumapili Mama Mugisho alisimama kanisani baada ya misa, mbele ya wale wale, akasema alimsingizia mkamwana wake. Kisha alikwenda Ggaba na Mugisho na kuku wawili. Marie-Jeanne alirudi baada ya siku chache, kwa miguu yake, tumbo likiwa limeanza kusukuma kitenge.

Wakapika tena. Safari hii Mama alichanganya, nusu sabuni ya majivu, nusu ya magadi, aone kama ile laini itaizuia hii ngumu isigande. Maji yalipoanza kuimba alisimama kando ya sufuria, akakaza kitambaa. Mdomo ulimfunguka kwa mazoea ya miaka yote.

"Nani wa..." alisema, akanyamaza.

Mugisho alikuwa na baiskeli yake. Wanunuzi walikuwa kwenye magogo. Hazikuwa siku za Alanyo, zilikuwa zimekwisha zamani. Angeweza kukaa kimya na asingekuwa mwongo.

"Mimi nitapasua kuni, mama," alisema, akachukua shoka. Hakuona kwamba ana haki ya kusimama karibu na moto.

Alipasua gogo moja, na la pili. Kisha kivuli kikamwangukia. Marie-Jeanne alikuwa amesimama pale na mwiko, ameunyoosha kwake, uso umeelekea kwingine, kule bombani.

"Mgongo unaniuma," alisema. "Njoo ukoroge."

Alanyo aliweka shoka chini, akafuta mikono kwenye gauni mara mbili, akaupokea.